Kona ya Bata

Mama yangu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo alinukia gundi. Watoto walimwita Mwalimu Gundi, wazazi wao wakafuata, na siku moja mwalimu mkuu mwenyewe akamwita hivyo mbele ya mkaguzi, akaanza kuomba radhi peke yake maana mama hakuona kosa liko wapi. Gundi yenyewe aliipika jikoni kwetu, unga na maji, katika sufuria ile ile ya uji. Ukiwa na njaa na usipoangalia vizuri, shauri yako. Kaka yangu aliwahi kumeza vijiko vitatu kabla ya kulalamika kuwa uji wa leo hauna sukari.

Gundi ilikuwa ya chati. Sisemi zile chati kubwa zinazotundikwa ukutani, hizo mama hakuzipenda. Alisema chati ya ukutani ni ya aliyekaa mbele, wengine wanaangalia visogo vya wenzao. Yeye alitaka kila mtoto awe na herufi zake na namba zake chini ya pua yake, juu ya dawati lake. Basi kila likizo ya mwisho wa mwaka meza yetu ya kulia ilijaa karatasi za manila, na sisi tukala tumekaa chini, sahani mapajani, tukiambiwa tusidondoshe mchuzi kwenye alfabeti.

Kaka alikata. Mama aliandika, kwa mwandiko ambao sijawahi kuuona tena: mstari wa juu herufi kubwa na ndogo, chini yake picha, chini ya picha namba moja mpaka ishirini, kila namba na punje zake ili mtoto azihesabu kwa kidole. Chini kabisa aliacha nafasi ya jina. Halafu nailoni ya kufunikia madaftari inapakwa gundi pembezoni na kubanwa na vitabu usiku kucha.

Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo, na ilikuja kabla ya nailoni. Nilichovya kitako cha penseli kwenye wino mwekundu nikagonga mara moja kwenye kona ya chini, upande wa kushoto. Nukta moja nyekundu. Chati arobaini na tano, nukta arobaini na tano, mwaka baada ya mwaka.

Ile nukta ilikuwa ya aliyekwama. Katika darasa la mama hukulazimika kunyoosha mkono na kutangaza mbele ya watu arobaini na tano kwamba hujui. Uliweka kidole kwenye nukta ukanyamaza. Yeye atakiona, atakuja, atachuchumaa pembeni yako. Hatarudia swali. Atarudi nyuma mpaka pale ulipokuwa bado unajua, na ataanzia hapo, kwa sauti ya chini, kama hana mtoto mwingine duniani. Na aliyemcheka mwenye kidole kwenye nukta alijuta, maana mama alikuwa na kofi pia, tusidanganyane.

Nami nilisoma kwake. Siku ya kwanza nilikaa kwenye dawati langu nikaangalia kona ya chini kushoto, nikaona manila tupu. Nilidhani nimejisahau mwenyewe. Nyumbani nikamwambia.

"Hukusahau," alisema. "Hiyo niliitengeneza wewe ukiwa umelala. Mtoto wa mwalimu hakwami."

Alisema akicheka, na mimi nilifurahi. Niliichukua kama zawadi, nikatembea nayo miaka arobaini. Shuleni nilikuwa wa kwanza, na pale nilipokuwa sijui nilikariri, na niliposhindwa kukariri nilikasirika. Nikawa mwalimu wa darasa la kwanza kama yeye, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na nne. Darasani kwangu hakuna nukta. Asiyejua anyooshe mkono aseme. Huwa nawaambia kuuliza si ujinga, ila nawaambia kwa sauti ambayo hakuna anayethubutu kuuliza. Naijua sauti yangu.

Mwaka jana kiharusi kilimkuta mama jikoni. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Sauti aliachiwa, sauti ya kuguna na kulia, lakini hakuna neno hata moja lililotoka, wala jina langu, wala "maji". Nilikusanya nguo zangu nikarudi kuishi katika nyumba niliyozaliwa. Kaka yangu yuko mbali na kazi yake, akija anakuja mwisho wa mwezi na mifuko mikononi na uso wa mtu anayetafuta mahali pa kuiweka.

Hospitali walitupa mtaalamu wa usemi, binti mdogo ambaye kwa umri wake ningeweza kuwa nimemfundisha kushika penseli. Alimpima mama, akanitoa nje kwenye korido, akaniambia ukweli wake bila kuuzungusha.

"Mwalimu, kuna watu maneno yao yamekwama tu. Yako ndani, yanashindwa kutoka. Na kuna watu maneno yenyewe hayapo tena. Kwa nje wanafanana. Kwa mama bado hatujajua."

"Mtajuaje?"

"Akijibu. Kwa njia yoyote ile. Hata ndiyo na hapana kwa kidole inatosha. Tuna miezi mitatu, halafu tunampima tena. Akiwa na namna ya kujibu tunaendelea naye. Asipokuwa nayo, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Kuna watu sitini wanasubiri."

Nilicheka. Mbele yake, kabisa, nilicheka. Mtu anamwambia mwalimu wa darasa la kwanza kwamba ana miezi mitatu ya kumfundisha mtu mmoja kuonyesha kwa kidole! Mimi napewa sabini kila Januari, wengine hawajui hata kufunga zipu.

"Niachie mimi," nikasema.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Nilitaka kujua kama mama yuko mle ndani. Kama yuko, nitamtoa hata kwa herufi moja moja. Mengine yote, dawa, nepi, mgongo wangu, yalikuwa kazi tu, na kazi sijawahi kuiogopa.

Shuleni nikaomba dawati moja bovu kutoka stoo, kwa sababu kimo chake kilifaa kiti cha magurudumu cha mama. Nikaomba na chati moja. Siku hizi hatutengenezi. Zinakuja kwenye maboksi zimeshachapwa, plastiki ngumu inayong'aa, rangi mpaka macho yanauma. Herufi juu, picha katikati, namba chini. Kwenye kona ya chini kushoto wenye kiwanda wameweka alama yao, bata amevaa miwani ya duara, amekumbatia kitabu. Watoto wangu wanampenda kuliko alfabeti. Nikaibandika juu ya dawati kwa gundi ya karatasi pande nne, nikamsogeza mama, na saa kumi jioni ya siku hiyo tukaanza.

"Mama. Hii ni herufi gani?"

Alinitazama mimi, akaitazama chati. Mkono wa kushoto ukanyanyuka kutoka mapajani, polepole. Kidole kikashuka juu ya bata.

"Siyo bata, Mama. Hii hapa. Hii ni a. A ya nini?"

Bata.

"Haya, tuache herufi. Vidole vyangu vingapi hivi?"

Bata.

Kesho yake bata, keshokutwa bata. Nikakata vipande viwili vya karatasi, cha kijani ndiyo, chekundu hapana, nikaviweka katikati ya chati, vikubwa kama sahani. "Mama, wewe ni mwanamume?" Niliuliza hivyo makusudi, nikitegemea hata akasirike. Kidole kilipita pembeni ya karatasi zote mbili kikaenda kwa bata.

Kaka alipokuja mwisho wa mwezi nilimweleza. Kaka yangu hana akili ya kukaa na huzuni, ikimkalia anafanya mzaha. Alitoka akarudi na bata wa plastiki, wa njano, ukimbana analia. Akamweka mbele ya mama.

"Si anamtaka bata? Mpeni bata wake, mnamtesa bure."

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Mama alimtazama yule bata wa njano, akatutazama sisi tulivyokuwa tunacheka, akaurudisha mkono mapajani. Hakumgusa. Hapo tu ningepaswa kujiuliza, lakini nilikuwa nafuta machozi ya kicheko, yalikuwa ya kwanza tangu aanguke.

Nilimweleza mtaalamu. Akaniambia ni kawaida. Mkono unaofanya kazi ni wa kushoto, kona ni ya kushoto, kidole kinaangukia palipo karibu. Mimi ni mtu wa kuhakikisha, kwa hiyo nilikwenda nyumbani nikaibandua chati, nikaibandika juu chini, bata akaenda kona ya mbali ya juu. Nikauliza. Kidole cha mama kikaenda kona ile ile ya chini kushoto, mahali ambapo sasa hapakuwa na bata. Basi nikasema yule binti amesema kweli. Mama hamtaki bata wala hamjui bata, kidole chake kinadondoka tu kama tunda. Nikaigeuza chati ikae sawa.

Lakini sikuacha. Kila siku saa kumi, wiki kumi na mbili. Ningewafundisha mbuzi kusoma kwa muda ule. Na kadiri siku zilivyokwisha ndivyo sauti yangu ilivyopanda. Kuna jioni moja nilimshika mkono, ule mmoja mzima, nikauburuta mpaka kwenye herufi nikaukandamiza pale.

"A! Hii ni a! Miaka thelathini na mmoja, Mama! Umeandika hii a mara ngapi? Mwalimu mzima! Hata a?"

Nilipouachia ulirudi kwenye kona yake. Nikampigia kaka simu pale pale, mama ananisikia, nikamwambia aache kujipa matumaini, sikio la kufa halisikii dawa. Jicho la kulia la mama lilikuwa linatoa machozi. Lile jicho linatoa machozi lenyewe tangu kiharusi, saa yoyote, kwa hiyo nilichukua kitambaa nikalipangusa kama kawaida na nikaenda kuweka maji ya chai.

Siku ya kupimwa nilimvalisha gauni lake la bluu la mahafali. Chumba kilikuwa na meza tupu ya mbao na madirisha yasiyofunguka. Mtaalamu alipanga picha tatu tatu.

"Mama, nionyeshe kikombe."

Mkono ukanyanyuka, ukazipita picha zote, ukatua kwenye kona ya meza, chini, kushoto, juu ya mbao tupu.

"Nionyeshe ufunguo."

Kona.

"Mtu analalia nini?"

Aliuliza maswali ishirini. Nilihesabu. Mara ishirini mkono ulinyanyuka, mara ishirini ukaenda kwenye kona ile, na kila alipomaliza mama alimtazama yule binti usoni kwa muda mrefu, anasubiri. Yule binti aliandika. Niliweza kusoma kutoka nilipokaa, kusoma maandishi yaliyogeuka juu chini ni kazi yangu. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Mpaka chini ya ukurasa.

"Pole sana, mwalimu," alisema akifunga faili. "Usijilaumu. Umejitahidi kuliko wengi."

Mganga hajigangi, nikajisemea njiani. Nikajisemea pia kwamba sasa najua, hakuna mtu mle ndani, na kwamba kuanzia leo saa kumi nitakuwa nalala. Nililia kidogo, si sana. Ni aibu kusema lakini nilihisi na nafuu.

Jumamosi nikaamua kulirudisha dawati la watu. Mguu wake mmoja ulikuwa unacheza, sikutaka waseme limetoka kwangu hivyo, kwa hiyo nikamwita fundi anayetengeneza madawati ya shule yetu. Fundi Kidole. Kila mtu anamwita hivyo na kila mtu akimwona anajua kwa nini, maana kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kimekatika juu kidogo ya kiungo. Ni mtu mnene, mpole, anayeomba ruhusa hata ya kutema mate uani.

Mama alikuwa bado amekaa kwenye dawati, sikuwa nimemsogeza. Fundi aliweka begi la vifaa chini, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Alikufundisha?" nikauliza.

"Mwaka mzima, dada. Na nusu ya mwaka mwingine, maana nilirudia." Kisha akapaza sauti, kama wote wanavyofanya, utadhani kiharusi kimemtoa mama masikio. "Mwalimu! Unanikumbuka?"

Mkono ukanyanyuka. Kidole kikaenda kwa bata.

"Usijali, fundi," nikasema. "Ndiyo hali yake. Ukimuuliza chochote, bata. Shika upande ule nimtoe, ulione hilo guu."

Fundi hakushika upande wowote. Alikuwa anakitazama kidole cha mama. Alikitazama mpaka nikafikiri ameona jeraha.

"Dada," alisema, "hapo si bata. Hapo ni kwenye nukta."

Niliitazama ile kona.

"Anasema amekwama. Nimemuuliza kama ananikumbuka, anasema hajui." Akaunyanyua mkono wake wenye kidole kifupi. "Na wewe unadhani jina hili nimepewa na msumeno? Msumeno umenikata nina mke na watoto wawili. Kidole nimeitwa tangu darasa la kwanza. Kidole changu hakikutoka kwenye nukta mwaka mzima, dada. Niliisugua mpaka nailoni ikatoboka na nukta ikafutika. Akanigongea nyingine."

Kisha akafanya kitu ambacho mimi, mwalimu mwenye cheti, sikukifanya kwa miezi mitatu. Alichuchumaa. Kwa ule unene wake, magoti yakilia, alichuchumaa pembeni ya dawati mpaka uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa mama. Hakurudia swali.

"Mimi ni fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Natengeneza madawati." Akautoa mkono wa mama kwenye plastiki akauweka pembeni, mahali mbao ilipo wazi. "Hii ni mbao."

Mama aliipapasa ile mbao. Vidole vyake vikaenda mbele vikarudi, vikaenda vikarudi, vikifuata mistari yake. Hakuitafuta tena ile kona. Fundi alikaa vile mpaka miguu ikamfa ganzi ikabidi nimsaidie kuinuka, na mguu wa dawati hakuutengeneza. Alisema liacheni hapa, shuleni nitasema bado niko nalo.

Alipoondoka nilibaki nimesimama katikati ya chumba na hesabu ikaanza kujipiga yenyewe. Nilipomlisha, mkono wake ulikaa mapajani. Nilipomwogesha, mapajani. Nilipompa kikombe alikishika, na kaka alipoweka bata wa njano mbele yake, mkono ulirudi mapajani, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kitu. Ulinyanyuka nilipouliza tu. Kila nilipouliza. Wiki kumi na mbili, maswali kumi, kumi na tano kwa siku, na ishirini ya mtaalamu juu yake, na hakuna hata moja aliloacha kujibu. Alikuwa anaweka kidole pale alipotufundisha kukiweka, na kusubiri mtu aje achuchumae. Nami niliyegonga zile nukta kwa kitako cha penseli, mamia yake, nilimvuta mkono nikampigia kelele.

Jumatatu sikwenda shule. Nilikuwa kwenye mlango wa mtaalamu kabla hajafika. Nilimweleza yote, gundi, manila, nukta, fundi, nikimshika mkono wa koti lake jeupe. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Hayo ni mawasiliano," alisema. "Hayo ni majibu kabisa."

"Basi andika upya."

"Nafasi ilitoka Ijumaa, mwalimu. Amepewa dereva mmoja, ana watoto wadogo. Siwezi kumtoa. Naweza kumwandika mama mwisho wa foleni, labda mwakani." Aliifungua ile karatasi ya maswali ishirini akaipitia tena na kalamu, taratibu, swali kwa swali, na nikaona uso wake unabadilika, si kwa namna niliyoitaka. "Mwalimu, naomba usinielewe vibaya. Kama anajibu kweli, tuyasome basi majibu yake. Kikombe, hajui. Ufunguo, hajui. Kitanda, hajui. Yote ishirini."

Niliinama kuisoma mwenyewe.

"Ulitaka kujua kama maneno yamekwama au hayapo," alisema. "Amekwambia hayapo."

Nilikuwa nimeuliza swali moja tu katika mambo yote haya, na mama alikuwa ananijibu tangu jioni ya kwanza. Sikuwa na hasira ya kumtupia yule binti. Niliitafuta, nimeizoea, lakini haikuwepo. Nilimshukuru nikaondoka.

Saa kumi nilimsogeza mama kwenye dawati. Nilichuchumaa. Kanuni niliijua vizuri sasa: usiulize, rudi nyuma mpaka pale anapojua, uanzie hapo. Nikamwonyesha mbao, nikasema mbao. Nikaushika mkono wake, nikasema mkono. Nikavuta kitambaa cha gauni lake, nikasema gauni. Alinitazama mdomo kwa makini sana, kama mtoto wa siku ya kwanza anayetaka kumpendeza mwalimu, na sikuona dalili kwamba neno lolote limeingia. Nilirudi nyuma zaidi, na zaidi, nikitafuta pale anapojua. Mwisho nilifika mahali ambapo hakuna nyuma yake tena.

Nilijua sitakiwi kuuliza. Niliuliza.

"Mama, mimi ni nani?"

Alinitazama usoni muda mrefu, jicho hili kavu, lile linachuruzika. Mkono ukanyanyuka kutoka mapajani, ukaenda chini, kushoto. Kidole kikatua kwenye kona, juu ya bata, na hakikuondoka.

Nilikaa pale chini nikikiangalia. Kisha nikanyoosha mkono wangu juu ya dawati nikaweka kidole changu pembeni ya chake. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kukiweka pale.

"Hata mimi, Mama," nikasema.

Hakuna aliyecheka, ndiyo ilikuwa sheria. Tukakaa hivyo, vidole viwili kwenye kona moja, tukimsubiri mwalimu.